Sharti la Arobaini na Sita

Mwanangu Saumu,

Umetoka kwenda Lukozi kuwaaga shangazi zako kabla ya safari ya kesho, nami nimekaa barazani na karatasi hizi kabla jua halijajificha nyuma ya mlima. Mambo ya sweta, ya chandarua na ya kutompa mtu usiyemjua mzigo wako akushikie, umeyasikia mpaka yamekuchosha. Sitayarudia. Nataka kulijibu lile swali uliloniuliza wiki iliyopita ukiwa unafua. Ulisema, "Mama, hao watoto wa Morogoro nianze nao na programu ipi?" Nikakwambia anza na majina yao, kwa kuwa mtoto hufurahi akiona jina lake kwenye kioo cha kompyuta. Kisha nikaingia jikoni. Ulidhani nina sufuria motoni. Sikuwa na sufuria. Nilisimama tu nikiushika ukuta, kwa sababu jibu lile lilikuwa nusu, na nusu iliyobaki nimekaa nayo miaka mingi sasa.

Utakumbuka Shume, ingawa ulikuwa mdogo. Nyumba zetu za mabati zilikuwa juu ya kiwanda cha mbao, na unga wa mbao uliingia hadi kwenye chai. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Baba yako aliendesha trekta la kushusha magogo kutoka msituni. Kiwanda kilikuwa bado cha serikali wakati ilipoletwa kompyuta moja, yenye kioo cheusi na maandishi ya kijani, ili tuhesabie mbao. Wakanichagua mimi niende Dar es Salaam kujifunza, wiki sita. Nilirudi nikitembea kama mtu aliyetoka Makka. Watu wa kiwandani waliponiuliza kitu hicho kinafanya nini, niliwajibu kwa majivuno kwamba kompyuta haikosei. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na sikulijua kuwa ni kosa, kwa sababu kila mtu aliitikia kwa kichwa.

Darasa la Jumamosi lilianza kwa bahati. Jenereta lilizimwa saa nane, na kuanzia saa sita hakukuwa na kazi ya stoo. Wewe na wenzako mlikuwa mkichungulia dirishani. Nikawaita ndani. Mlikuwa tisa, na mlinawa mikono kwanza kwenye ndoo kama mnaoingia kula. Nilitumia kile kitabu cha mafunzo kilichokuwa na mifano mifupi mifupi, nikaigeuza iwe ya kwetu. Mnaandika PRINT, mashine inaandika. Mnaandika INPUT, mashine inauliza na kungoja. Wa kwanza kuelewa alikuwa Rukia, rafiki yako, binti wa Kaniki mpasua mbao. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, amekuzidi miwili, na alikuwa na tabia ya kunyamaza kwanza, kisha kuuliza swali ambalo lilinifanya nikae chini.

Tulipoandika programu ya kuuliza jina na kujibu HUJAMBO, wote mlicheka kwa furaha isipokuwa yeye. Alisema, "Mama Saumu, mashine hii haina adabu. Mtu mzima akikaa hapa itamwambia hujambo?" Basi tukakaa, tukaongeza mstari. Sijausahau:

10 INPUT "JINA LAKO NANI"; J$
20 INPUT "UNA MIAKA MINGAPI", M
30 IF M > 20 THEN PRINT "SHIKAMOO "; J$
40 IF M <= 20 THEN PRINT "HUJAMBO "; J$

Hivyo ndivyo mlivyojifunza IF, yaani kama. Kama sharti limetimia, fanya hivi. Niliwaeleza kwamba mashine haijui mkubwa wala mdogo, haijui kitu chochote mpaka iambiwe, na kwamba ile ishirini tumeiweka sisi kwa mikono yetu. Tungeweka thelathini, ingewanyima watu wengine heshima yao bila kuona haya. Mkaijaribu. Mkaweka thelathini, mkamwita dereva kijana wa lori, naye akaambiwa hujambo mbele yenu akakasirika kweli. Nadhani sijapata kufundisha kitu vizuri kama siku ile.

Jumamosi iliyofuata Rukia alimleta baba yake. Kaniki alikuwa na mkono wa kulia wenye vidole viwili tu. Vile vitatu vilichukuliwa na msumeno wa kiwanda mwaka huo huo, na alikuwa ndiyo kwanza amerudi kazini. Aliandika jina lake kwa mkono wa kushoto, taratibu, akiitafuta kila herufi. Akaandika miaka yake, arobaini na moja. Mashine ikasema SHIKAMOO KANIKI. Akaitazama, akasema, "Marahaba," kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akiwaitikia watoto wote. Hakuwa akifanya mzaha.

Kisha kiwanda kikauzwa. Wakati ule kila kitu cha serikali kilikuwa kinauzwa, na sisi tuliambiwa tungoje. Akaja meneja mpya, mtu mpole, asiyepaza sauti. Alipita ofisini Jumamosi moja akawakuta mmeizunguka mashine, akasimama nyuma yenu, akausoma ule mstari wa sharti. Jumatatu aliniita. Akaniambia wenye kiwanda wanataka watu thelathini wapunguzwe, na kwamba akiwachagua yeye watasema ana upendeleo, wakichaguliwa na wasimamizi watasema ni ukabila. "Lakini ile programu ya watoto," alisema, "inatosha. Badala ya kuamkia, itoe jina. Weka umri. Wewe ndiye unayeijua mashine, weka masharti utakayoona yanafaa."

Nilijisikia nimeheshimiwa, Saumu. Nataka ulijue hilo kabla ya yote. Sikulia, sikukataa. Niliketi nikaandika majina ya wafanyakazi wote, miaka yao, na siku walizokosa kazini mwaka ule, kutoka kwenye mafaili. Nikaweka sharti la arobaini na tano: yeyote aliyezidi miaka hiyo, jina lake litoke. Yakatoka majina thelathini kamili. Nilifurahi kuona hesabu imetimia mara moja. Nikaanza kuyasoma kutoka juu, na jina la kumi na saba lilikuwa la baba yako. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Nje, msumeno mkubwa ulikuwa unapasua gogo na meza ilikuwa inatetemeka. Nikafuta ile tano, nikaandika sita. Tarakimu moja tu. Nikaendesha tena. Majina matano yakaondoka, la baba yako likiwa mojawapo. Yakabaki ishirini na matano, na meneja alitaka thelathini.

Hapo ndipo nilipoongeza sharti la pili. Yeyote aliyekosa kazini zaidi ya siku sitini, jina lake litoke hata kama hajafikisha umri. Wakaongezeka wawili. Nikashusha hadi arobaini. Wakafika watano, na orodha ikawa imetimia. Wa mwisho wao alikuwa Kaniki. Zile siku alizokosa ni za kulala hospitali kwa sababu ya mkono wake ulioliwa na msumeno wa kiwanda kile kile. Lilikuwamo kwenye faili, nililisoma kwa macho yangu: ameumia kazini. Ningeweza kuandika mstari mmoja zaidi wa kuzitoa siku za majeraha ya kazini. Nilijua kuuandika. Lakini orodha ingepungukiwa, ningelazimika kutafuta namba nyingine, na sikutaka tena kuzigusa namba zile. Nikapiga chapa. Meneja akaisoma, akasema nimefanya kazi safi.

Orodha ilibandikwa mlangoni siku ya pili. Watu walipokuja kuniuliza, niliwaambia kompyuta ndiyo iliyochagua. Walikuwa wakikumbuka niliyowaambia zamani, kwamba haikosei. Mzee mmoja wa Mlalo aliniambia, "Basi kama ni mashine, hakuna wa kumlaumu," akakunja kofia yake akaondoka. Kaniki hakuja kuuliza. Aliyekuja ni Rukia.

Alinikuta ofisini peke yangu. Aliniamkia, nikaitikia. Akaniomba nimwonyeshe programu iliyochagua. Nilikuwa nimewafundisha kwamba mkiandika LIST, mashine itawaonyesha mistari yote, haifichi kitu. Nikamwambia hiyo ni siri ya ofisi. Akasimama palepale.

"Ulituambia haijui kitu mpaka iambiwe," alisema. "Nani aliiambia?"

Nikamjibu, "Meneja."

Akatazama kiti ambacho nilikuwa nimekalia, kiti kile kile cha Jumamosi. Akasema ahsante, akatoka, akaufunga mlango polepole kama nilivyowafundisha, vumbi lisiingie. Nilisema uongo mwingi wiki ile, lakini ule wa neno moja ndio ninaousikia mpaka leo.

Jumamosi mlipokuja niliwaambia mashine imeharibika. Ulinuna siku nyingi, ukaniambia nimewachoka. Haikuwa imeharibika. Niliifunika kitambaa kwa sababu sikuweza tena kusimama mbele ya watoto nikasema neno sharti. Na Rukia alipoondoka na wazazi wake kurudi Mtae bila kukuaga, ulilia ukasema rafiki yako ana dharau. Nilikuacha uamini hivyo. Nakuomba radhi kwa hilo kwanza, kwa sababu hilo nilikufanyia wewe.

Yaliyompata Kaniki uliyasikia kwa ufupi tu. Huko Mtae shamba lao lilikuwa dogo, la mteremkoni. Rukia alikuwa amefaulu kuingia kidato cha kwanza na hakwenda. Baba yake akajiunga na watu waliokuwa wakipasua mbao msituni kwa msumeno wa mkono, gogo likiwa limeegeshwa juu ya shimo, mmoja juu na mwingine chini. Kwa vidole viwili hakuweza kushika vizuri. Siku moja baada ya mvua gogo liliteleza, naye ndiye aliyekuwa chini. Habari zilinifikia sokoni, kwa mtu aliyeleta maharage, akizisimulia kama anavyosimulia habari za barabara.

Nilikwenda Mtae. Nilimwambia baba yako nakwenda kuhani, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kuungama. Nilimkuta mama yake Rukia kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine. Alinishika mikono yote miwili. Akanishukuru, akasema, "Hongea kwa kuja, Mama Saumu. Wa kiwandani umekuja wewe peke yako." Rukia alileta ugali wa bada na mboga, akanawisha mikono ya wageni mmoja mmoja, nami akaninawisha bila kuinua macho. Nilikula, Saumu. Nilikula chakula cha msiba wa yule mtu, na yale maneno niliyoyapanga nikarudi nayo.

Nawe unafahamu kilichofuata kiwandani. Hata miaka miwili haikutimia, kikafungwa, misumeno ikang'olewa ikapakiwa kwenye malori, na baba yako akaachishwa pamoja na waliobaki, nami pia. Ndipo tukashukia hapa Lushoto mjini. Kwa hiyo nilichokinunua kwa ile tarakimu moja ni muda usiofika miaka miwili. Nimejaribu kujiambia kwamba miaka ile ilikulisha wewe, ilikuweka shule. Ni kweli. Rukia naye alikuwa na shule.

Baba yako aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunapalilia kabichi, akasema bila kunitazama kwamba hajawahi kuelewa kwa nini jina lake halikutoka, maana wapo aliowazidi mwaka mmoja tu walioendelea na kazi, na waliomzidi yeye mwaka mmoja tu waliondoka wote. Nikasema ni bahati. Akasema alhamdulillahi, akaendelea kupalilia. Sijui kama aliamini. Aliugua kifua hadi kikamchukua, hakuniuliza tena, na mimi sikumwambia. Nilikuwa na siku nyingi sana za kumwambia. Kama kuna jambo nimejifunza kwa ukweli, si kwa kusoma, ni kwamba siku ya kusema haiji yenyewe. Unaweza kulala na mtu kitanda kimoja miaka yote na isije.

Mwezi wa pili mwaka huu niliteremka Mombo kupokea mahindi. Pale mabasi yanaposimama kuna wanawake wanaouza matunda ya milimani, wanayabeba kwenye masinia hadi madirishani. Mmoja aliweka sinia chini akaja kwangu. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, ana mtoto mgongoni. Akaniambia, "Shikamoo, Mama Saumu." Nilimtambua kwa ile namna ya kunyamaza kabla ya kusema.

Safari hii nilisema. Nilisema palepale kwenye jua, tumesimama pembeni ya kibanda, bila kuyapanga. Nilimwambia kuhusu arobaini na tano na arobaini na sita, kuhusu siku sitini na siku arobaini, kuhusu mstari ambao sikuuandika. Mabasi mawili yalikuja yakaondoka na wenzake wakakimbilia madirishani, yeye hakwenda. Alikuwa akiyageuza mapeasi kwenye sinia, upande mzuri juu.

Nilipomaliza, akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Tangu wiki ile ile. Ulipokataa kunionyesha, nilichukua daftari nikaandika mwenyewe. Nilikwenda kwa kila mtu aliyetajwa nikamuuliza miaka yake. Nikawauliza na waliobaki. Waliotajwa wote walikuwa wamezidi arobaini na sita, isipokuwa watano, na hao watano walikuwa wameumwa. Nikajiuliza kwa nini arobaini na sita. Mtu akichagua namba huchagua arobaini, au arobaini na tano, au hamsini. Hakuna anayechagua arobaini na sita bila sababu. Nikatafuta nani ana miaka arobaini na sita. Walikuwa watano. Mmoja ni Baba Saumu."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanangu. Hakuwa na mashine. Alikuwa na penseli, na alikuwa na hayo niliyomfundisha mimi.

Nikamuuliza mbona hakusema. Alimweka mtoto vizuri mgongoni kwanza. Akasema baba yake alikuwa ameamini ni mashine, na imani hiyo ilimpa nafuu. Alikuwa akisema afadhali mashine, maana mashine haina chuki na mtu. Kama angemwambia kwamba ni mtu, tena mtu aliyemkaribisha ofisini akaketi kwenye kiti chake, angemwondolea hata hicho kidogo. Baada ya kufa kwake hakuona wa kumwambia.

Nikamwomba anisamehe.

"Bado," alisema. "Nakuamkia kwa sababu nimelelewa hivyo. Hilo lingine bado."

Hakulisema kwa ukali. Basi la tatu lilikuwa linaingia. Aliniuliza uko wapi, nikamwambia umemaliza chuo, unakwenda kufundisha watoto kompyuta. Aliinua sinia akaliweka kichwani. Akasema, "Yeye alikuwa akisahau kufunga alama za kunukuu," na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea kidogo. Kisha akakimbilia dirishani na wenzake.

Sasa jibu lako. Anza na majina yao, hilo nalisimamia. Usiwacheke wanaokosea mstari, na usiwabonyezee wanaochelewa. Mimi niliwabonyezea, na hao ndio ambao hawakuelewa. Lakini ukifika kwenye sharti, usipite haraka kwa sababu wameshaelewa jinsi ya kuliandika. Waulize namba ile imetoka kwa nani. Waache wabishane. Na itakapofika siku ambayo mtu mpole atakuita ofisini akuombe kitu kidogo unachokijua wewe peke yako, sitakuambia ufanye nini. Sina haki ya kukuambia. Nakuambia tu nilichofanya mimi, na kwamba kilichukua chini ya saa moja.

Nitakusindikiza stendi ya hapa Lushoto, sitashuka nawe. Nitakupa bahasha hii ukiwa umeshaketi. Kutoka hapa hadi Mombo ni mwendo wa saa moja, kona kwa kona, nawe hutapishwi na kona, kwa hiyo utaweza kuisoma yote. Basi husimama pale robo saa kusubiri abiria wa barabara kuu. Rukia atakuwapo, huwa anakaa upande wa kibanda cha bluu. Sijamwambia kuwa unapita kesho, na sikutumi kwa niaba yangu. Ukipenda kubaki kwenye kiti, baki, nami sitakuuliza. Ila kama utashuka, shuka mapema kabla wenzake hawajayazunguka madirisha, umwamkie wewe kwanza, kwa sababu amekuzidi miaka miwili.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa na kukuficha,
Mama Saumu